Karatasi ya Papa Banza

Kamina, Jumapili mchana

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa na mama yangu wa pili,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini. Nakujua, ukipewa karatasi unaanza kuisoma umesimama jikoni, na huku nyuma wali unaungua. Kwa hiyo kaa kwanza. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Ile dawa ya kupaka niliyompa Salumu ilifika, au aliimaliza mwenyewe njiani? Na Baba, bado anakataa miwani na kusema ni maandishi ya siku hizi ndiyo yamepungua ukubwa? Watoto wanasoma? Mimi huku ni mzima. Malaria ilinishika mwezi uliopita, ikaniachia baada ya siku nne. Mvua zimeanza, njia ya kwenda ninapopanga imekuwa matope, na wenye pikipiki wananishusha mbali na kuniambia nimalizie kwa miguu, eti wao wameosha pikipiki asubuhi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kukutumia sauti. Simu yako, Yaya, ni ya nyumba nzima. Nikikutumia sauti, binti yako Mwamini anaisikiliza kabla yako, jirani anaisikia kupitia ukuta, na ikifika magharibi Baba anaulizwa habari zangu msikitini. Haya nataka uyajue wewe kwanza, peke yako. Salumu anapandisha bidhaa zake kwa treni wiki hii, treni ikikubali kuja, na ameniahidi kuiweka barua katikati ya vitenge. Nimesikia pia kwamba huko Kasongo unamwambia kila mtu kuwa mdogo wako ni bingwa wa kompyuta. Soma mpaka mwisho ndipo uendelee kusema.

Nianze na ile klabu yetu, maana niliwahi kukutajia lakini sikukueleza. Ni klabu ya watu wanaotumia programu huria. Programu huria ni zile ambazo aliyezitengeneza amekuachia wazi: unazichukua bila kumwomba mtu, unaangalia zilivyoundwa, unazirekebisha, unampa mwenzako. Ni kama mtu akupe sombe, yaani kisamvu, akufundishe na alivyoipika, kisha asikasirike ukiongeza mawese. Kwa mji kama huu, ambapo kompyuta nyingi zinatufikia zikiwa zimechoka, hilo ni jambo kubwa. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, kwenye chumba ambacho parokia inatuazima. Wenzangu wote ni Wakatoliki, na mwezi wa Ramadhani walisogeza saa bila mimi kuwaomba. Mwenyekiti wetu ni Solange, muuguzi anayeandika ripoti za kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache. Maneno ambayo Solange hayatumii anayatumia Placide, fundi wa simu pale sokoni.

Kila baada ya miezi mitatu tunachagua mada za kuzungumzia, na namna yetu ya kuchagua sijaiona kwingine. Kila mtu anaandika kwenye kikaratasi jambo analotaka lielezwe, na haweki jina. Mimi ndiye ninayekusanya. Nakaa pembeni, nasoma vyote, vinavyofanana naviunganisha kuwa kimoja, kisha navipanga juu ya meza. Halafu kila mtu anapewa karanga tatu na kupita mezani, akiweka karanga zake juu ya karatasi anayoipenda. Unaweza kuziweka zote mahali pamoja au kuzigawa, ni shauri yako. Karatasi zilizopata karanga nyingi ndizo mada zetu, na anayejua zaidi jambo hilo ndiye anayepewa kulizungumza. Karanga zenyewe tunazila mwishoni. Mwaka jana Placide alianza kula kabla ya hesabu, na mada ya kuandika Kiluba kwa alama zake zote ikaanguka kwa upungufu wa karanga mbili zilizokuwa tumboni mwake. Mwalimu aliyeiandika alinuna miezi. Tangu hapo Solange anagawa karanga zenye maganda.

Kazi ile ya vikaratasi niliipenda sana, Yaya. Mbele ya wenzake mtu anapenda kuonekana, anataja akili bandia, anataja mambo ya satelaiti. Lakini akipewa karatasi isiyo na jina anaandika kinachomsumbua kweli. Namna ya kuchapa pande zote mbili. Namna ya kupata programu mpya wakati intaneti haitoshi. Mmoja aliandika kwamba anaogopa kubonyeza, na hakuongeza neno lingine. Nilikuwa nikisoma na kucheka peke yangu, na nilijiona kama mtu anayewajua wote.

Miezi mitatu iliyopita nilifungua kikaratasi kimoja nikaacha kucheka. Kiliandikwa kwa biki ya bluu, herufi zimelala upande mmoja kama walivyofundishwa watu wa zamani. Kilisema: "Namna gani majina na pointi ya batoto inaweza kupotea mu ordinatere, na hakuna muntu aligusa." Ordinatere ndiyo kompyuta, huku wanaiita kwa Kifaransa. Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wa Papa Banza.

Papa Banza alikuwa sekretari wa shule moja hapa mjini, sitaitaja jina, kwa muda unaokaribia umri wako. Ndiye aliyekuwa akiandika pointi za wanafunzi. Madaftari ya zamani yalilowa mvua wakati bati la ofisi lilipotoboka, wino ukayeyuka, ndipo akakaa akaingiza yale yaliyokuwa bado yanasomeka ndani ya kompyuta ya shule, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Pointi za miaka mitatu. Alipomaliza, kurasa zilizolowa zilitupwa. Kompyuta ikaanza kuwa nzito kwa virusi, na mkuu wa shule, ambaye huku wanamwita prefe, akaniita mimi niisafishe na kuiwekea mfumo wetu wa bure. Ni miaka miwili sasa. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kujulikana hapa.

Papa Banza alinifungulia ofisi, akanionyesha mashine, akaniambia kitu kimoja tu: sehemu ile ya diski iliyoandikwa D nisiiguse, kwa sababu humo ndimo walimo watoto wote. Nikaitikia ndiyo. Akatoka nje kwa heshima, akaniacha nifanye kazi. Jenereta ya shule ilikuwa imebakiza mafuta kidogo na ilikuwa imeanza kukohoa. Ukiweka mfumo mpya, Yaya, mashine inakuuliza: nikae pembeni ya vilivyomo, au nifute vyote nianze upya? Ile njia ya kwanza inahitaji muda na uangalifu. Ya pili ni kubonyeza tu. Mimi nilibonyeza ya pili. Nilijisemea kwamba mzee mwangalifu kama yule hakosi kuwa na nakala kwenye klé yake, kile kijiti cha kuchomeka na kuhifadhia mafaili. Sikutoka nje kumwuliza, na alikuwa hatua tano kutoka mlangoni.

Alipoingia na prefe kutazama, mashine ilikuwa inang'aa. Prefe akanisifu. Papa Banza akainama, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniuliza watoto wako wapi. Hakuwa na nakala. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba nakala inahitajika. Na hapo, mbele ya wote wawili, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema kwamba nilipoifungua ile diski nilikuta hamna kitu.

Nikisema hamkuwa na kitu, maana yake vilitoweka kabla sijafika. Na kabla sijafika, mwenye ufunguo wa ofisi alikuwa mmoja. Mtoto wa dada wa mke wake alikuwa akisoma pale, na hakuwa akifanya vizuri. Basi watu wakaunganisha wenyewe. Wakasema mzee amefuta pointi zote ili za yule mtoto zisionekane. Prefe hakumfukuza, alimhamisha tu kutoka ofisini, akampeleka kuwa mlinzi wa depo ya madawati yaliyovunjika. Yule mtoto aliacha shule kwa aibu akaenda Kinkondja kuvua samaki na baba yake. Mimi nilisikia yote hayo nikiwa kwenye kibanda changu cha kuchapa barua za watu, nikaendelea kuchapa.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Najua unaniuliza, nakuona ulivyokunja uso. Siku ya kwanza niliogopa. Wiki ya kwanza nilijiambia nitasema mambo yakipoa. Yalipopoa, nikaona kuyafukua ni kumwumiza mzee mara ya pili. Kila wakati nilikuwa na sababu mpya, na kila sababu ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Watu wa hapa wanatuona sisi tuliotoka huko kwetu Maniema kuwa ni watu wa maneno matamu, nikaona nikikiri nitakuwa nimewapa ushahidi. Huku shule nyingine zikawa zinaniita. Wakaanza kuniita Mwalimu Rama.

Mwanzoni mwa mwaka huu Papa Banza akaja klabu. Hana kompyuta. Alikuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya reli, akakaa kiti cha nyuma na daftari la shule lililofungwa kwa raba, akaandika kila neno. Mkutano uliofuata akaja tena. Solange alimwuliza anataka kujifunza nini, akasema kuna jambo moja tu analotaka kulielewa na hana haraka. Mimi alinisalimia kwa mikono miwili. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Kwake yeye, kama Mwalimu Rama amesema alikuta hamna kitu, basi hamkuwa na kitu. Kilichobaki ni kujua kiliondokaje.

Basi nilipoishika ile karatasi yake miezi mitatu iliyopita, nilifanya kazi yangu. Kulikuwa na nyingine mbili zinazozungumzia wezi wa mtandao na virusi. Nikaziunganisha zote tatu, nikaandika juu yake "Usalama wa kompyuta", na kile kikaratasi cha biki ya bluu nikakikunja nikakiweka chini kabisa. Ilikuwa halali. Hakuna mtu angeweza kusema nimekosea. Ile mada ikapata karanga nyingi na nikapewa mimi kuizungumza.

Baada ya mkutano Papa Banza alinisubiri karibu na baiskeli yake, akaniuliza kwa upole kama karatasi yake ilianguka mahali, maana hakuiona mezani. Nikamwambia imo ndani ya ile ya usalama. Akaitikia kwa kichwa, akafurahi, akasema ni vizuri, mimi ndiye najua namna ya kupanga. Yaya, angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Niliizungumza ile mada mwezi uliofuata, na niliizungumza vizuri, watu walipiga makofi. Nilieleza wezi, nikaeleza virusi, nikaeleza namna ya kuweka nakala mahali patatu. Mwisho Papa Banza akanyanyua mkono. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema, ucheke Kiswahili cha huku ukitaka, mimi mwenyewe siku hizi nasema "njo" badala ya "ndiyo" na "minyi" badala ya "mimi" bila kujua.

"Mwalimu, umeongea bezi, umeongea virusi. Na kama chumba ilifungwa, na funguo iko mu mufuko yangu minyi, njo nani alifuta?"

Watu waligeuka kunitazama. Nikasema mashine nazo zinachoka, Papa, kama watu. Akaandika. Niliona kutoka pale mbele akipigia mstari chini ya maneno hayo, mara mbili, halafu akakaa akiyatazama kama mtu aliyepewa chenji isiyotimia na anaona haya kusema. Tangu siku hiyo nikisali, nikifika kwenye sijida, naona ule mstari wa biki.

Sasa nakuja kwenye jana, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Jana ilikuwa siku ya kuchagua tena. Nikakusanya vikaratasi, nikakaa pembeni, na cha nne kukifungua kilikuwa kile kile. Biki ile ile, maneno yale yale, hata hakubadilisha neno. Ile habari ya mashine kuchoka haikumtosha. Nilikaa nacho mkononi mpaka Solange akauliza kama kuna mwandiko nisioweza kuusoma. Ningeweza kukiunganisha tena, kulikuwa na mada ya kutunza mashine za zamani, kingeingia humo bila shida. Sikukiunganisha. Nilikiweka mezani peke yake, cha kwanza kabisa, na nikajiambia kwamba watu wenyewe wataamua.

Watu wakapita. Papa Banza alipofika aliiona karatasi yake, akasimama kidogo, akaweka karanga zote tatu juu yake, moja baada ya nyingine. Mimi nilipita wa mwisho nikaweka zangu tatu hapo hapo. Zikawa sita. Hakuna mtu mwingine aliyeweka hata moja. Kutengeneza programu za simu kulipata rundo zima, kuandika Kiluba kulilipiza kisasi cha mwaka jana, na mada ya tatu ikawa ni umeme wa jua. Solange akahesabu, akataja tatu hizo, akazisukuma karatasi zilizobaki ndani ya bahasha, akanirudishia.

Hapo nilikuwa nimepona, Yaya. Nataka uelewe jambo hilo. Nilikuwa nimeiweka karatasi mezani, nimeipigia kura, na watu hawakuitaka. Nani angenilaumu? Kisha nikamwona Papa Banza anafunga daftari lake kwa ile raba, anaweka biki mfukoni, anatazama mlango. Hakukasirika. Alikuwa anahesabu, nadhani, kwamba ni miezi mitatu mingine, na baada yake mitatu mingine, na kwamba atarudi. Yule mzee angerudi na karatasi ile mpaka siku ya kufa kwake, na mimi ningeipokea.

Nikamwambia Solange naomba niizungumze ile ya Papa Banza sasa hivi. Akasema haikupita. Nikamwambia najua, lakini ni fupi. Nilisimama mbele pale ninaposimamaga kufundisha.

"Papa Banza," nikasema, "hakuna mashine iliyochoka. Watoto wako walikuwemo wote. Niliwafuta mimi, kwa mkono wangu, wewe ukiwa umesimama nje. Halafu nikamdanganya prefe mbele yako."

Placide alikuwa anamenya karanga, akaacha. Papa Banza hakunitazama. Alifungua tena ile raba, akafungua daftari, akatoa biki.

"Sema tena," akasema. "Pole pole. Naandika."

Nikasema tena. Nilimsomea kosa langu neno kwa neno, kama mwalimu anavyowasomea wanafunzi imla, na yeye akaandika. Akaniuliza pale nilipobonyeza palikuwa pameandikwa nini hasa. Nikamwambia. Akaandika. Akaniuliza kama mashine ilinionya kabla. Nikasema ndiyo, ilinionya, iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Hilo aliliandika taratibu kuliko yote. Solange akafunga mkutano bila sala, jambo ambalo halijawahi kutokea, na alipopita karibu nami akasema kwa sauti ya chini kwamba vikaratasi atavikusanya yeye kuanzia sasa. Nikamkabidhi bahasha. Ana haki.

Nje, Papa Banza hakupanda baiskeli. Aliisukuma, akaniambia kwa prefe tutakwenda, lakini kuna mtu anatangulia. Tukavuka reli kwa miguu. Nyumbani kwake mke wake, Mama Ngoie, alikuwa amekaa uani anapepeta unga wa mahindi. Papa Banza akamwambia maneno machache kwa Kiluba, sikuyaelewa, kisha akanigeukia akasema, "Muambie weye."

Nilimwambia. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya ungo. Dada yake, mama wa yule mtoto, hajakanyaga uani pale tangu siku zile, na Mama Ngoie mwenyewe, hilo alinieleza hapo hapo bila kuficha, alikuwa amemwamini dada yake na hakumwamini mume wake. Walikula chakula kimoja miaka miwili akimwona mwongo. Nilipomaliza, hakulia wala hakunifukuza. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Miaka mbili hii yote," akasema, "weye ulikuwaka wapi?"

Nikamjibu nilikuwa hapa hapa Kamina, mama. Akatikisa kichwa, akainuka, akampokea mume wake baiskeli. Sijui kama ana desturi ya kuipokea. Kwa jinsi mzee alivyoshtuka, nadhani hana.

Papa Banza alinisindikiza mpaka kwenye kona ya ua. Akaniambia kesho Jumatatu, asubuhi na mapema, atakuja kunichukua kwangu mwenyewe ili twende kwa prefe. Hakusema nimfuate, alisema atakuja kunichukua. Nikamwambia sitakimbia. Akasema anajua, lakini atakuja. Nilijaribu kumwomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa na jambo lake la kusema.

"Weye haujue kitu kimoja," akasema. "Minyi nilikuwaka nimeanza kuamini. Nilisema labda mukono yangu ya kizee iligusa na akili haikujua. Paska ile ilipita nikaenda kwa padri, nikatubu. Nilisema, Padri, nilipoteza batoto ya bantu. Akanipa penitensi. Nikaifanya yote."

Halafu akaingia ndani. Nilirudi kwa miguu kutoka ng'ambo ya reli mpaka hapa na sikumbuki nilipita wapi. Sisi na wao tunasali tofauti, Yaya, na penitensi ni malipo ya toba anayopewa mtu na padri, lakini nadhani unaelewa alichoniambia. Yule mzee alichukua kosa langu akalipeleka mbele ya Mungu kwa jina lake mwenyewe, akapiga magoti kwa ajili yake, na mimi Jumamosi hizo zote nilikuwa nikimtazama akipewa karanga tatu na kuambiwa achague.

Sijui prefe atasema nini kesho. Pengine nitapoteza kazi za shule zote, pengine na kibanda. Nikikutana na hayo nitakujulisha, na nisingependa upigane na mtu huko kwa ajili yangu, maana nakujua.

Nisalimie Baba. Hii barua usimsomee wewe; mpe aisome mwenyewe, hata ikimchukua wiki. Msalimie shemeji yangu Amisi, mume wako mvumilivu, na Mwamini binti yetu mwenye masikio marefu. Msalimie Bibi Asha, mama yake Mama, mwambie bado namwota akiniita niingie ndani kula. Na mjomba Shabani, mwenye duka karibu na msikiti, akiuliza kompyuta zinaendeleaje, mwambie Ramazani ameuliza hali yake.

Shati nimelipiga pasi, viatu nimefuta tope. Niombee dua, usiombe nisamehewe, omba tu Papa Banza anikute nimeshasimama mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Ramazani